Nina stashahada ya uuguzi: njia ipi itanipa ukaazi wa Ujerumani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, naishi Mwanza. Nina stashahada ya miaka mitatu, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na miaka minne kazini katika hospitali ya wilaya. Kiingereza nakimudu vizuri, Kijerumani sijui hata salamu. Kuna wakala Dar es Salaam anataka shilingi milioni 9 anipeleke Ujerumani kwa viza ya matembezi. Anasema nikifika nitabadilishiwa kibali huko huko, na nafasi zinafungwa mwisho wa mwezi. Rafiki yangu aliyeko Hamburg ananishauri niende kama au pair, yaani niishi na familia ya huko nikiwasaidia kulea watoto. Kaka yangu anasema bora niombe hifadhi. Wengine wananitajia Chancenkarte, kadi ya kwenda kutafuta kazi. Nina mtoto wa miaka mitano ninayemlea peke yangu. Njia ipi itanifikisha kwenye ukaazi wa kweli, niishi na mwanangu bila hofu?

JIBU: Dada, usilipe hiyo milioni 9. Naanza na hilo kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali, na mengine yote yanaweza kusubiri uyasome ukiwa umetulia.

Viza ya matembezi ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, Ujerumani ikiwemo, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na hairuhusu kazi. Anayekwenda Ujerumani kufanya kazi anatakiwa aingie kwa viza ya taifa, ile ya herufi D, na aiombe kabla hajaondoka nyumbani. Zipo nchi chache, kama Marekani na Japani, ambazo raia wake wanaruhusiwa kuingia kwanza na kuomba kibali wakiwa ndani. Tanzania haimo. Ukifika na viza ya matembezi, ofisi ya wageni itakuambia urudi ukaombe upya ubalozini, na ukikaa kimya siku zikapita unakuwa mtu asiye na kibali. Zamani baadhi ya watu walipita mpakani bila kuzidisha kwao siku kugunduliwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili picha na alama za vidole za kila mgeni wa muda mfupi anayeingia na kutoka, kwa hiyo siku ulizozidisha zinabaki kwenye mfumo na zitakusubiri siku utakapoomba viza halali. Wakala hakuambii hayo kwa sababu yeye kazi yake inakwisha siku unapopanda ndege.

Kuna jambo jingine ambalo kila muuguzi wa Tanzania anapaswa kulijua. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Toleo la 2023 lina nchi 55, na Tanzania ni mojawapo. Ujerumani imeiingiza orodha ya namna hiyo katika kanuni zake za ajira, kifungu cha 38: kusaka wauguzi katika nchi hizo na kuwaunganisha na waajiri ni kazi ya Shirika la Ajira la Serikali, Bundesagentur für Arbeit, peke yake. Wakala binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo hata akikuonyesha ofisi nzuri na picha za watu aliowapeleka, shughuli anayokuuzia imekatazwa na nchi ileile anayodai kukupeleka. Kanuni hiyo haikuzuii wewe mwenyewe kuomba. Muuguzi wa Tanzania anayemwandikia mwajiri wa Ujerumani kwa jina lake na kwa vyeti vyake yuko ndani ya sheria kabisa.

Ushauri wa rafiki yako wa Hamburg ni wa nia njema, ila umri umekupita. Au pair anatakiwa awe hajatimiza miaka 27 wakati wa kuomba. Na hata kwa wenye umri huo, kibali chake ni cha mwaka mmoja usiozidi, chakula na malazi kwa familia mwenyeji na euro 280 za matumizi kwa mwezi. Wapo waliokitumia vizuri kujifunza lugha kisha wakaombea mafunzo, lakini kwa mama mwenye mtoto na taaluma tayari mkononi hakifai.

Kuhusu hifadhi, nasema kwa uzito. Hifadhi ni ya mtu anayekimbia mateso, na kama kuna kitu cha namna hiyo katika maisha yako ambacho hukukiandika, niandikie tena, jibu langu litakuwa tofauti. Kama hakuna, usiguse njia hiyo. Sheria ya Ujerumani inambana sana aliyeomba hifadhi asihamie kwenye kibali cha kazi. Ule mlango uliofunguliwa kwa waombaji hifadhi wenye ujuzi ulihusu walioingia nchini kabla ya tarehe 29 Machi 2023. Na ombi likikataliwa kwa kuonekana halina msingi kabisa, linaweza kukuzuilia vibali vingine hadi utoke nchini. Mtu mwenye stashahada yako ya uuguzi, akiomba hifadhi isiyo na sababu, anaitupa karata yake bora kuliko zote.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo umeliuliza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia. Wengi huuliza jinsi ya kufika. Wewe umeuliza jinsi ya kukaa. Kila kibali cha Ujerumani kinatolewa chini ya kifungu fulani cha sheria ya ukaazi, na namba ya kifungu imeandikwa kwenye kadi yenyewe. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama miaka yako inahesabiwa kuelekea ukaazi wa kudumu, kama mtoto anaweza kukufuata, na kama unaweza kubadili kazi. Njia rahisi ya kuingilia ambayo miaka yake haihesabiwi itakuzeesha bure. Kwa hali yako, njia ninayoiona ni moja, na nyingine zote naziweka kama akiba: utambuzi wa stashahada yako, ambao huko wanauita Anerkennung, kisha kibali cha mtaalamu chini ya kifungu cha 18a, kisha ukaazi wa kudumu.

Uuguzi ni taaluma inayolindwa na sheria Ujerumani. Huwezi kujiita muuguzi wala kulipwa kama muuguzi mpaka mamlaka ya jimbo ikutambue. Majimbo ni 16 na kila moja lina mamlaka yake, kwa hiyo unaomba katika jimbo unalokusudia kufanya kazi. Kwa mtu aliyeko nje, pa kuanzia ni ZSBA, kituo cha ushauri wa utambuzi wa taaluma kilicho chini ya Shirika la Ajira la Serikali. Huduma yao ni bure, wanajibu kwa Kiingereza pia, na ndio watakaokuelekeza kwenye mamlaka husika na kukuambia karatasi gani inakosekana. Wakala wako angekutoza pesa kwa hatua hiyohiyo.

Mamlaka hailinganishi majina ya vyeti, inalinganisha masaa. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani, kwa sheria iliyoanza mwaka 2020, yana masaa 4,600: yasiyopungua 2,100 ya darasani na 2,500 ya vitendo. Afisa atachukua mtaala wako na kuuweka sambamba na wa kwao, somo kwa somo. Cheti cha stashahada na transkripti havitoshi, kwa sababu transkripti inaonyesha alama, haionyeshi ulikaa wodi ya magonjwa ya akili masaa mangapi. Unahitaji chuo kikuandikie, kwa barua yenye mhuri, kila somo na masaa yake, na kila wodi au kituo ulichofanyia mazoezi na masaa yake. Hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu yanapokwama. Chuo kinatoa karatasi moja isemayo “amehitimu miaka mitatu”, na mamlaka inahesabu pengo mahali ambapo pengo halikuwepo. Ukienda chuoni, usiombe “barua ya kuthibitisha”. Peleka jedwali umeliandaa mwenyewe kutokana na mtaala uliosomea wewe (si mtaala mpya uliokuja baadaye), mwombe mkuu wa idara alihakiki na kulisaini. Kitabu chako cha mazoezi ya vitendo, kama bado unacho, ni dhahabu.

Pamoja na hilo, chukua Baraza la Uuguzi na Ukunga barua ya kuthibitisha usajili na kwamba huna kosa la kitaaluma, na hospitalini kwako barua inayotaja idara ulizofanyia kazi na kwa muda gani, kwa sababu miaka minne ya kazi inaweza kuziba mapengo ya mafunzo. Angalia pia majina yako. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha stashahada, leseni na pasipoti viwe na jina lileile, herufi kwa herufi. Kama kimoja kina majina mawili na kingine matatu, lishughulikie hapo nyumbani mapema kwa hati ya kisheria ya jina. Tafsiri za Kijerumani ziache mwisho, maana mamlaka nyingi zinataka mtafsiri aliyeapishwa, na ukitafsiri karatasi yenye kosa unalipa mara mbili.

Jibu la mamlaka, kwa mtu mwenye stashahada ya kwetu, mara nyingi si “ndiyo” kamili. Unapewa uamuzi unaoorodhesha mapengo, na kwa kawaida mapengo hayo yako kwenye huduma ya wazee, magonjwa ya akili na uuguzi wa nyumbani, huku uzazi na magonjwa ya kuambukiza ukiwa umewapita wao. Barua hiyo imeandikwa kwa lugha kavu na watu hulia wakiipokea. Usilie. Ndiyo karatasi unayoihitaji. Inakupa haki ya kuziba mapengo kwa moja ya njia mbili: mafunzo ya kujazia ukiwa kazini, au mtihani wa ujuzi wenye sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo wodini kwa wagonjwa halisi. Kwa karatasi hiyo pamoja na mkataba wa mwajiri unaomba viza ya kifungu cha 16d. Unaingia, unafanya kazi kama msaidizi wa uuguzi na kulipwa, huku ukijiandaa. Wengi huhitaji kama mwaka mmoja. Kibali chenyewe kinaweza kutolewa kwa hadi miezi 24 na kuongezwa mpaka ifike jumla ya miaka mitatu.

Mafunzo au mtihani? Mtihani unavutia kwa sababu ni mfupi. Mimi nawashauri wauguzi wa kwetu wachukue mafunzo ikiwa mwajiri anayatoa, na sababu ni wodi yenyewe. Huko muuguzi ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha, anayemgeuza kitandani, anayemsafisha meno. Kwetu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ndugu wa mgonjwa. Upande wa pili, muuguzi wa Mwanza amezoea kutoboa mshipa na kuweka dripu usiku daktari akiwa mbali, na huko hospitali nyingi hiyo ni kazi ya daktari. Wauguzi wazuri kabisa huvunjika moyo miezi ya kwanza, wakihisi wameshushwa cheo. Mtahini anayekutazama unavyomwogesha bibi wa miaka 88 aliyepooza upande mmoja anapima kitu halisi: unamweleza kabla ya kumgusa? Unamfunika sehemu usiyoiosha? Unaanza kumvisha nguo mkono ule uliopooza? Hayo hujifunzwa kwa kuyafanya kila asubuhi.

Kijerumani ndicho kitakachokuchukua muda, na ndicho unachoweza kukianza leo. Leseni ya uuguzi huombwa kwa kiwango cha B2 karibu majimbo yote (ngazi za lugha hupanda A1, A2, B1, B2, C1, C2). Goethe-Institut yenyewe hukadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika B2 kutoka sifuri. Kwa mtu mwenye zamu za usiku, jipe mwaka na nusu. Taasisi hiyo ipo Dar es Salaam, na ina kozi za mtandaoni ambazo zitakufaa ukiwa Mwanza. Mitihani ya B1 na B2 imegawanywa sehemu nne (kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza), kila moja inataka alama 60 kati ya 100, na ukianguka moja unarudia hiyo tu. Kinachowaangusha wengi ni kusikiliza. Sikiliza sauti za watu wanaoongea haraka tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu kazini utapokea zamu kutoka kwa mwenzako aliyechoka anayekimbilia treni, na simu ya binti wa mgonjwa mwenye hasira, na hakuna anayetamka kama mwalimu.

Tangu Machi 2024 sheria inaruhusu pia kitu kinachoitwa Anerkennungspartnerschaft: unaingia ukiwa na A2 na mkataba, na maombi ya utambuzi yanafanyika ukiwa huko. Utasikia watu wakikisifia. Kisheria kipo, ila sikipendi kwa muuguzi. Ukiwa na A2 wodini huelewi maelekezo ya dawa, unabaki kwenye kusafisha na kusukuma vitanda, jioni umechoka kiasi cha kutofungua kitabu, na mwaka wa pili unakukuta palepale.

Ukishapata leseni unahamia kifungu cha 18a, kibali cha mtaalamu. Hapo saa inaanza kuhesabu kwa ajili yako. Mtaalamu aliyekaa miaka mitatu chini ya kibali hicho, akachangia pensheni miezi 36, akawa na B1, makazi ya kutosha na kufaulu mtihani wa maisha ya Ujerumani, anaweza kuomba Niederlassungserlaubnis, yaani ukaazi wa kudumu. Kabla ya Machi 2024 ilikuwa miaka minne. Mtihani usikutishe: maswali 33, yanatoka katika orodha ya maswali 310 iliyo wazi kwa kila mtu, na ukipata 17 unakubalika hata kwa uraia. Angalia lakini kwamba miezi utakayokaa chini ya 16d haimo katika ile miaka mitatu. Ndiyo maana mtu anayesuasua kumaliza utambuzi anajichelewesha mara mbili.

Michango ya pensheni ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Mfanyakazi hukatwa asilimia 9.3 ya mshahara na mwajiri huweka 9.3 nyingine. Kila mwezi soma karatasi ya mshahara, tafuta herufi RV, yaani bima ya pensheni, hakikisha kuna makato. Kazi ya kulipwa mkononi isiyoandikwa haiingii katika hesabu. Hata zile kazi ndogo za muda, mwajiri akikupa fomu ya kujiondoa kwenye pensheni ili upate euro chache zaidi, usisaini. Watu wamefika miaka mitatu wakiwa na mwenendo mzuri na kodi zote, wakakuta miezi 29.

Mshahara wenyewe: katika huduma ya wazee, kima cha chini cha muuguzi aliyetambuliwa kilifikia euro 20.50 kwa saa Julai 2025. Kwa wiki ya masaa 39 hiyo ni kama euro 3,400 na ushee kwa mwezi kabla ya makato, na makato ya kodi, bima ya afya, pensheni na mengineyo huondoa karibu theluthi kwa mtu asiye na mwenzi. Msaidizi hupata chini ya hapo. Panga maisha ya mwaka wa kwanza kwa mshahara wa msaidizi.

Chancenkarte nayo si utapeli, ipo tangu tarehe 1 Juni 2024. Inataka elimu au mafunzo yasiyopungua miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yako, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, kisha alama sita. Wewe unazo: umri chini ya miaka 35 alama 2, uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita alama 2, taaluma yenye upungufu alama 1, na Kiingereza cha C1, ukiwa na cheti chake, alama 1. Umefika sita. Tatizo liko kwingine. Inakupa mwaka mmoja wa kutafuta kazi na kazi za muda zisizozidi masaa 20 kwa wiki, na lazima uonyeshe fedha za kujikimu, euro 1,091 kwa mwezi kwa kiwango cha 2025. Kwa mwaka ni euro 13,092, zaidi ya shilingi milioni 35, zikiwa zimefungwa benki. Na ukiwa huko bado huwezi kufanya uuguzi bila utambuzi. Kwa mhandisi wa programu, ambaye taaluma yake hailindwi, kadi hii ina maana. Kwa muuguzi ni kulipa mamilioni ili ukafanyie Ujerumani kile ambacho ungefanyia Mwanza.

Akiba ya kweli ni Ausbildung, yaani kusomea uuguzi upya kwa miaka mitatu huku ukilipwa posho. Viza yake huhitaji B1. Hospitali zinazofuata mkataba wa sekta ya umma hulipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Aliyehitimu huko Ujerumani hupata ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili tu ya kazi badala ya mitatu. Ukijumlisha, hiyo ni mitano. Kwa njia ya utambuzi, mwaka mmoja na mitatu, ni minne, na mshahara bora. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita Ausbildung ni njia nzuri sana. Kwako iwe ya kukimbilia endapo utambuzi utagoma.

Umetaja Ujerumani tu, na sikulaumu. Ureno, ambako watu waliingia kama wageni na kuhalalishwa wakishapata kazi, ilifunga utaratibu huo Juni 2024. Uingereza ilisimamisha viza mpya za wahudumu wa wazee kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Hispania bado inahalalisha watu waliokaa miaka miwili bila kibali, lakini hiyo ni miaka miwili ya kujificha, na huna sababu ya kuiishi. Atakayekuambia milango ya nchi hizo ni ileile ya zamani anasoma habari zilizopita.

Na Kenya? Nimeona jamaa wakijadili kwamba Wakenya wamefunguliwa. Ni kweli Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamaji mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Siku hiyohiyo zikaenea habari za nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayana idadi yoyote, na kila mwombaji lazima atimize masharti yaleyale ya sheria. Namba hiyo bado inazunguka kwenye vipeperushi vya mawakala. Ukiiona, ujue uko mbele ya nani.

Mwajiri mtafute mwenyewe kwenye tovuti ya kazi ya Shirika la Ajira na ile ya serikali inayoitwa Make it in Germany. Mwajiri anayekutaka kweli anaweza kuomba utaratibu wa haraka wa wataalamu, ambao ada yake ya ofisi ya wageni ni euro 411 na kwa desturi hulipwa na yeye. Ada ya viza ni euro 75. Unapopokea mkataba, soma kipengele cha kurudisha gharama. Wapo wanaoandika kwamba ukiondoka kabla ya miaka kadhaa utawarudishia maelfu ya euro za kozi na tiketi. Mtu aliyefungwa hivyo huogopa kuhama hata akinyanyaswa. Baadhi ya vipengele vya namna hiyo havisimami mahakamani, lakini ni bora usisaini kuliko kwenda kushindana. Faire Integration ni huduma ya ushauri wa haki za kazi, bure, ipo majimbo yote. Watumie mkataba wausome.

Kuhusu uraia, nakugusia tu maana hukuuliza. Tangu Juni 2024 unaweza kuomba baada ya miaka mitano, na Ujerumani haidai tena uache uraia wako. Tanzania ndiyo isiyoruhusu uraia pacha kwa mtu mzima, wakati Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010. Ndiyo sababu Watanzania wengi huko hubaki na ukaazi wa kudumu. Ukichagua hivyo, kumbuka kwamba Niederlassungserlaubnis huweza kupotea ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Baada ya miaka mitano omba ule ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, unaokuruhusu hadi miezi 12 nje ya Umoja huo. Ukiwa na mama mgonjwa nyumbani utaiona tofauti.

Mwanao. Nitakuambia bila kukupamba: usipange asafiri nawe siku ya kwanza. Chini ya 16d mtoto anaweza kuombewa, lakini utatakiwa uonyeshe nyumba ya kutosha na kipato cha kuwalisha wote wawili, na mshahara wa msaidizi pamoja na chumba cha bweni la wafanyakazi havitoshi. Ukishakuwa chini ya 18a inakuwa kazi ya kawaida. Kwa hesabu yangu atakuwa na miaka minane hivi, umri ambao mtoto hushika Kijerumani ndani ya mwaka. Kitakachowakwamisha ni karatasi ya baba. Ubalozi hautamwachia mtoto asafiri kuhamia kwa mzazi mmoja bila idhini ya maandishi ya mzazi wa pili mwenye haki ya malezi, au amri ya mahakama inayokupa wewe malezi peke yako. Kusema “ninamlea peke yangu” hakutoshi kama cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Kama mnaelewana, mwombe idhini sasa, mbele ya wakili, na muifanye upya wakati wa maombi. Kama hamwelewani au hajulikani alipo, nenda Ustawi wa Jamii wakuelekeze mahakama ya kupeleka shauri la malezi. Shauri hilo linaweza kuchukua muda mrefu, na ukiwa umeshaondoka nchini litakuwa gumu zaidi kulifuatilia, kwa hiyo lifungue katika mwaka huu huu unaojifunza lugha, na uandike bayana humo nani atakayekaa na mtoto katika miaka ya kwanza utakapokuwa mbali.